Rangi ya unga nyumbani: kwa nini breketi yako imebanduka, na vipuri gani visiguse oveni

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua bastola ndogo ya kupulizia rangi ya unga, ile rangi kavu inayoivishwa kwenye oveni, na nina oveni ya umeme ya jikoni ambayo haipikiwi tena. Nilianza na breketi ya alteneta, ile jenereta ya gari inayochaji betri. Niliiosha kwa petroli, nikaipiga msasa, nikapulizia unga mweusi, kisha nikaiweka kwenye oveni kwa nyuzi 200 za Sentigredi, dakika 20 tangu nilipofunga mlango. Ilitoka inang'aa vizuri sana. Lakini nilipokaza bolti, rangi ilipasuka na kubanduka vipande vipande, na kwenye kona za ndani unga haukushika kabisa. Nilitaka kuendelea na kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), kalipa za breki (zinazobana pedi), na baadaye rimu. Nimekosea wapi? Na je, kazi hii inafaa kweli kufanyiwa nyumbani?

Jibu: Inafaa, ndugu yangu, ila si kwa orodha yote uliyoitaja. Kava ya tapeti ifanye, tena ni kipuri kizuri cha kujifunzia. Kalipa zifanye iwapo uko tayari kuzifungua hadi sili ya mwisho. Rimu mpelekee mwenye oveni kubwa na vipimo vya uhakika, na sababu nitakupa. Kabla ya hapo turudi kwenye breketi yako, maana imekuonyesha makosa manne tofauti ambayo wengi huyaona kuwa kosa moja, kisha hukimbilia kununua bastola nyingine ya bei kubwa. Bastola yako haina hatia.

Tuanze na zile dakika 20. Kwenye mfuko wa unga huandikwa maelekezo ya namna hii: dakika 10 kwa nyuzi 200. Wengi husoma hapo muda wa kukaa ndani ya oveni. Sivyo. Hesabu inaanza pale chuma chenyewe kinapofika nyuzi 200, si pale mlango unapofungwa. Kidhibiti cha oveni hupima hewa, na hewa huwahi kupata moto wakati breketi nene ya chuma bado ina uvuguvugu tu. Inawezekana kabisa kwamba dakika zako 20 zilikwisha wakati chuma ndiyo kwanza kinakaribia joto lake, au hata hakijakaribia.

Kilichokudanganya ni ule mng'ao. Unga wa rangi ni mchanganyiko wa utomvu wa plastiki, kigumishi na rangi, vikiwa vimeyeyushwa pamoja, vikapozwa na kusagwa. Ukipata joto, kwanza unayeyuka na kutambaa juu ya chuma. Ukichungulia kwenye kioo cha oveni utaona vumbi lisilo na mng'ao linaanza kulowa kwenye sehemu nyembamba na za pembeni, kisha ule ulowevu unasogea kuelekea kwenye unene, mpaka kipuri kizima kinameremeta. Hapo mtu anasema kimeiva. Kumbe hapo ndipo mapishi yanapoanza: kigumishi bado hakijafunga minyororo ya utomvu, na bila kufunga huko rangi ni ngumu ukiigusa lakini ni dhaifu na inavunjika kirahisi. Kuyeyuka hutokea kwenye joto la chini sana kuliko lile la kuiva. Kwa hiyo mng'ao haukwambii chochote kuhusu kuiva.

Kuna jaribio rahisi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe asetoni, usugue sehemu isiyoonekana ya kipuri kilichopoa, mbele na nyuma mara kadhaa kwa kukandamiza. Rangi iliyoiva inaweza kupoteza mng'ao kidogo pale uliposugua, na kitambaa kikachukua rangi kiasi kidogo. Isiyoiva hulainika, hunata, na kitambaa huondoka na weusi wa kutosha. Ukikuta haijaiva na tatizo ni hilo tu, irudishe kwenye oveni na uipikie muda wake kamili. Ya kwako usiirudishe, kwa sababu ya petroli, nitakayoifikia hivi punde.

Sasa utajuaje chuma kimefika nyuzi 200? Kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, chenye taa nyekundu, watu hukipenda sana, lakini kwenye chuma kinachong'aa kinasoma chini ya ukweli, na ukikielekeza kupitia kioo cha mlango kinakusomea kioo. Kinafaa zaidi ukikilenga kwenye uso uliokwisha kupakwa rangi, mlango ukiwa umefunguliwa kidogo tu. Bora kuliko hicho ni waya wa themokapo, yaani waya wa kupimia joto, ule unaouzwa pamoja na mita za umeme. Upenyeze mlangoni, ncha yake uibane kwenye tundu la bolti la sehemu nene kuliko zote. Na hata kabla ya kutia rangi, weka kipuri kikiwa kitupu, angalia saa, uandike kilichukua dakika ngapi kufika. Namba hiyo itakufaa kila unapokuja kupika kipuri cha uzito wa aina ile. Kalipa ya chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, itakushangaza kwa uvivu wake, wakati kipande cha bati kinafika upesi sana.

Kupitiliza nako kuna gharama, ingawa ni ndogo. Nyeupe na zile rangi za uwazi hugeuka njano ukizipika kupita kiasi. Nyeusi huvumilia. Anayejifunza na akaanza na nyeusi amefanya uamuzi mzuri.

Sasa petroli. Petroli si kisafishio cha rangi, ndugu yangu. Inayeyusha grisi, inaitandaza nyembamba kote, kisha yenyewe inakauka na kuiacha grisi pale pale. Juu ya hilo ukapiga msasa, ukausukuma ule utando ndani ya mikwaruzo. Unga ulishika juu ya mafuta, si juu ya chuma. Mbali na hayo, petroli karibu na oveni na bastola inayotoa umeme wa volti maelfu ni mwaliko wa moto.

Mpangilio sahihi ni kutoa grisi kwanza, ndipo ukwaruze, kisha usafishe tena. Anza na sabuni kali ya kutolea grisi na maji ya moto, sugua kwa brashi hadi maji yanatawanyika juu ya chuma bila kujikusanya matone. Suuza sana. Kausha. Ndipo utoe rangi ya zamani na kutu. Kama unaweza kupata mashine ya kupiga mchanga, ile inayorusha chembe ngumu kwa hewa ya nguvu, msasa uweke kando. Uso uliopigwa mchanga una vishimo vidogo ambavyo rangi hujishikiza kwavyo, na msasa haufiki kwenye kona. Lakini usitumie mchanga wa mtoni au wa ufukweni hata kama wenyewe tunaita kazi hii kupiga mchanga. Vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu kwa namna isiyotibika. Tumia chembe za oksidi ya alumini au kioo kilichosagwa. Zile shanga ndogo za kioo, za mviringo, zinasafisha na kuacha uso laini wa kupendeza, ila ulaini huo rangi haiupendi.

Baada ya hapo kipuri hakiguswi kwa mkono mtupu. Jasho la kidole linatosha kuleta alama. Vaa glavu za nitrili, futa kwa asetoni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, acha kikauke kabisa. Chuma kilichopigwa mchanga huanza kupata kutu upesi, hivyo kipake siku hiyo hiyo. Na usifute kwa kisafishio cha breki cha mkebe bila kusoma maandishi yake: vile vyenye klorini vikikutana na joto kali vinaweza kutoa gesi za sumu, ikiwemo fosjeni, ambayo iliwahi kutumika vitani. Hili si la kubahatisha.

Kuna hatua moja ambayo wanaoanza huiruka, na ndiyo inayoleta malengelenge na vitundu kwenye vipuri vya kalibu. Alumini na chuma vya kumiminwa vina matundu madogo ndani, na kama vimeishi miaka kwenye injini, matundu hayo yamekunywa mafuta. Ukifuta juu unaona pasafi. Ukipasha moto, mafuta na hewa vinatoka vikipita katikati ya rangi iliyoyeyuka. Kwa hiyo kipuri cha kalibu kipike kwanza kikiwa kitupu, kwenye joto lililozidi kidogo lile la kuivisha rangi, kwa muda unaotosha kufika na kukaa huko. Kitoe ukiangalie vizuri. Mara nyingi utakuta madoa ya kahawia yametokea kwenye maungio na kuzunguka matundu ya bolti. Hayo ndiyo mafuta yenyewe. Kiache kipoe, kisafishe, kirudishe tena, mpaka kitoke kikiwa kikavu.

Kosa la tatu halihusu rangi hata kidogo, ni la mahali ulipoiweka. Ulipaka breketi nzima, pamoja na uso unaokaa chini ya kichwa cha bolti na ule unaogusana na injini. Hapo hata rangi iliyoiva barabara ingepasuka, kwa sababu bolti inapokaza na kuzunguka inaisaga. Mbaya zaidi, rangi iliyobanwa chini ya bolti husinyaa polepole, na bolti uliyoikaza kwa nguvu sahihi inabaki imelegea. Na kwa alteneta kuna jambo jingine: alteneta nyingi hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia mwili wake na bolti zinazoishikilia kwenye injini. Rangi ya unga haipitishi umeme. Ukifunika nyuso zote za kugusana, unaweza kukaa wiki nzima unatafuta kwa nini chaji inapungua. Nyuso za kugusana, kichwa cha bolti kinapokaa na nyuzi za ndani ya matundu huzibwa kabla ya kupulizia. Hii ni sheria ya kila kipuri.

Ziba kwa tepu ya poliesta inayostahimili joto na vizibo vya silikoni. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi wa kawaida itaungua na gundi yake kuganda juu ya chuma. Tepu uitoe kipuri kikiwa bado kina joto kiasi, ukiwa umevaa glavu nene, ukiivuta taratibu kuelekea nyuma. Kikishapoa kabisa, rangi hupenda kuvunjika kwenye ukingo wa tepu.

Nije kwenye kosa la nne, zile kona za ndani, ambako unga ulikataa. Bastola inaupa unga chaji ya umeme, na unga unavutwa na chuma kilichofungwa ethi. Mistari ya umeme huo hupenda kingo na sehemu zilizojitokeza, na huikwepa pembe iliyojificha. Unga unafuata mistari hiyo. Ukiendelea kupuliza ukitarajia kona itajaa, kingo ndizo zinazonenepa, kona inabaki tupu. Wanafizikia wanalihusisha jambo hili na jina la Michael Faraday, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeonyesha kwamba umeme hukaa nje ya kizimba cha chuma.

Dawa yake inaanzia kwenye ethi, si kwenye bastola. Mita ya kawaida itakuonyesha: pima kati ya sehemu tupu ya kipuri na kibano cha ethi. Viwandani hukubali upinzani usiozidi megaomu moja, lakini kwako, ukiwa na ndoano safi na kibano safi, unapaswa kusoma karibu na sifuri. Tatizo la kawaida ni ndoano. Ilitumika mara ya kwanza, ikapakwa rangi pamoja na kipuri, sasa imefunikwa na tabaka lisilopitisha umeme, na mtu anashangaa kwa nini unga unadondoka sakafuni. Ikwangue kila mara hadi chuma kionekane. Kibano kifunge kwenye kipuri chenyewe ikiwezekana, au kwenye sehemu ya ndoano iliyo tupu, si kwenye fremu fulani ya mbali.

Ethi ikishakuwa nzuri, anza na kona, si na nyuso pana. Punguza hewa, bastola ndogo nyingi zinataka shinikizo dogo mno, chini ya bar moja, na hewa iliyochujwa maji na mafuta. Hewa nyingi inaufagia unga kabla haujakaa. Kama bastola yako inaruhusu kupunguza volti, punguza. Elekeza wingu la unga lipite sambamba na ukuta wa kona badala ya kulilenga moja kwa moja, na liwe wingu jepesi linaloelea. Kona ikigoma kabisa, kipashe kipuri kwanza, kisha upulizie kona kikiwa moto: unga unayeyuka unapogusa, umeme au hakuna umeme. Njia hii ni ya zamani kuliko bastola za umeme zenyewe. Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Erwin Gemmer alipaka vipuri kwa kuvipasha moto na kuvitumbukiza kwenye unga uliokuwa ukielea kwa hewa iliyopulizwa kutoka chini. Ubaya wa kupaka kipuri cha moto ni kwamba ni rahisi kuzidisha unene, na ukikosea huwezi kufuta.

Na kufuta ndiko kunakonifanya niipende kazi hii. Kabla ya oveni, unga haujashika chochote. Ukiona tepu imesogea, au nywele imetua, au umepuliza ovyo, unauondoa wote na kuanza upya bila hasara. Kwa hiyo usione haya kuanza upya. Angalia kwa tochi ukiishika kwa upande, karibu na uso: utaona mara moja pale ambapo chuma bado kinachungulia. Kikishafunikwa sawasawa, acha. Unene unaotakiwa baada ya kuiva ni kama maikroni 60 hadi 80. Ukizidisha, chaji inajirundika juu ya unga na kuanza kuusukuma ule unaofuata, vinatokea vishimo vidogo vidogo, na rangi ikiiva inakuwa na mawimbi kama ganda la chungwa. Kisha kibebe kipuri hadi kwenye oveni bila kukigonga na chochote, na kikae kimening'inia, si kulala kwenye rafu.

Kuhusu aina ya unga sitakuchosha. Epoksi inashika sana na kustahimili mafuta na kemikali, lakini jua linaifubaza na kuifanya itoe vumbi la chaki, kwa hiyo ibaki chini ya boneti. Poliesta ndiyo ya vitu vinavyoonwa na jua. Kwa kava ya tapeti mimi ningechagua nyeusi ya mikunjo, ile inayojikunja yenyewe inapoiva. Inaficha kasoro za kalibu ambazo nyeusi ya kung'aa ingezitangaza. Ila inataka unene wa kutosha ulio sawa kote. Ikiwa nyembamba haijikunji.

Kava yenyewe ina mtego ambao unaweza kukuulia injini. Ndani ya kava nyingi kuna bamba lililofungwa kwa skrubu au riveti, kazi yake ni kuzuia mafuta yasivutwe pamoja na mvuke wa injini. Nyuma ya bamba hilo kuna nafasi. Ukipiga mchanga na chembe zikaingia huko, hazitoki kwa kupuliza wala kwa kuosha. Zitatoka zenyewe baadaye, kidogo kidogo, injini ikiwa moto na mafuta yakizunguka, moja kwa moja kwenye kamshafti na beringi. Kwa hiyo ama uling'oe bamba na ulirudishe kwa skrubu zilizokazwa vizuri, ama uzibe upande wote wa ndani usipige mchanga humo kabisa. Ndani hakupakwi rangi pia, wala uso wa gasketi. Na hakikisha kwanza kava ni ya alumini. Za magari mengi ya sasa ni za plastiki, na hizo hazina safari ya oveni. Nyingine, chache, ni za magnesi, ambayo vumbi lake linashika moto wa kutisha. Kwangua sehemu iliyojificha, dondoshea tone la siki: magnesi itatoa mapovu, alumini itatulia. Ikitoa mapovu, usiipige mchanga wala msasa, mpe mwenye uzoefu nayo.

Kalipa zinapendeza zikipakwa, na hapo ndipo watu wanapokuwa wazembe. Kila kitu kinatoka: pistoni, sili, vifuniko vya vumbi, pini za kutelezea, nati ya kutolea hewa. Usijaribu kuacha sili ndani ukitegemea itavumilia nyuzi 200. Mafuta ya breki yaliyobaki kwenye mifereji ya ndani yatatoka wakati wa kupika na kuivua rangi kama huwa yanavyofanya kwa rangi yoyote mbichi, kwa hiyo osha, puliza mifereji, na ufanye lile pishi la kwanza la kipuri kitupu bila kukosa. Ziba silinda za pistoni na mfereji wa sili, tundu la paipu pamoja na uso ambao vaisheri ya shaba inakaa, na mahali pedi zinapoteleza. Hili la mwisho husahaulika: rangi kidogo tu mahali pa kutelezea, pedi inang'ang'ania, breki inashika upande mmoja na tairi linapata moto. Sili ziwe mpya wakati wa kufunga. Kama hujawahi kufungua na kufunga kalipa, piga rangi mwenyewe lakini ufungaji umpe fundi wa breki. Hakuna aibu hapo.

Rimu nakukataza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ndogo: haitaingia kwenye oveni ya jikoni, na wanaojaribu kuipika nusu nusu kwa taa za joto hawapati joto sawa. Ya pili ni nzito. Rimu za alumini hupata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu, na hatua ya mwisho ya utaratibu huo hufanyika kwenye joto ambalo haliko mbali na la oveni yako. Pishi moja fupi lililodhibitiwa ni jambo jingine. Pishi refu, la joto lililozidi, au la kurudiarudia, linaweza kuilegeza alumini bila kuonyesha dalili yoyote machoni. Wanaochoma rangi ya zamani kwa moto ndio wanaonitisha zaidi. Rimu inatoka nzuri, inavishwa tairi, inaingia barabara kuu. Ukimpelekea mtu mwenye vifaa, muulize anatoaje rangi ya zamani, anapima joto la rimu au la hewa, na anaziba mahali nati za tairi zinapokaa na uso unaogusana na habu. Akisita kwenye swali lolote kati ya hayo, ondoka na rimu zako.

Visivyoingia kwenye oveni kamwe: shokapu, kwa sababu zina mafuta na gesi zilizofungiwa na zinaweza kulipuka, chochote chenye bushi ya mpira, boljointi au beringi yenye grisi, chochote kinachohusiana na mifuko ya hewa ya usalama au mikanda inayojikaza, bomba lililozibwa pande zote lisilo na tundu la kupumulia, kipuri kilichoungwa kwa risasi, au kilichosawazishwa kwa pati. Bomba la ekzosi linaweza kuingia, ila unga wa kawaida utaungua siku ya kwanza, na unga wa joto kali ni bidhaa nyingine kabisa.

Sasa mahali pa kazi. Ulisema oveni haipikiwi tena. Vizuri, na isipikiwe tena maisha yake yote. Itoe ndani ya nyumba, ikae penye hewa inayopita, maana inatoa moshi. Iwe ya umeme kama yako. Ya gesi usiiguse, kwa sababu unga wa rangi ukielea hewani kwa wingi ni mlipuko unaosubiri cheche. Pulizia mbali na oveni, mbali na sigara, mbali na jiko. Usikusanye unga kwa mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani wala kuweka feni ya kawaida inayouvuta kupitia mota yake, kwani mota hizo zinaweza kutoa cheche ndani. Tandika karatasi, uzoe taratibu. Vaa barakoa ya chujio inayokaa vizuri usoni, si kitambaa. Baadhi ya poliesta zina kigumishi kiitwacho TGIC ambacho kinaweza kudhuru chembe za urithi. Mtu mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asisogelee bastola ikiwa imewashwa. Na kompresa na oveni zisitumie soketi moja wala waya mwembamba wa kurefushia.

Unga uliobaki ufunge vizuri na uuhifadhi mahali pakavu na pa baridi kiasi. Ukishika unyevu unakuwa mabonge na bastola itaanza kutema badala ya kupuliza.

Kwa breketi yako, itolee rangi kwa dawa ya kutolea rangi au kwa mashine ya kupiga mchanga, si kwa moto. Ioshe kwa mpangilio niliokupa, ziba nyuso za kugusana, pima ethi, anza na kona, kisha ipike ukihesabu kuanzia waya wa themokapo unaposoma nyuzi 200. Kabla ya kuifunga isugue kwa asetoni. Ikikubali, ifunge, washa injini ipate moto, izime ipoe, halafu upitie bolti zote tena kwa spana kabla ya kuingia barabarani.